Uji una chuma, lakini je, chuma hicho kinamfikia mtoto?

Mama, ukinunua unga wa pakiti dukani, iwe Tarime mjini, Sirari au Mugumu, geuza pakiti usome yale maandishi madogo ya nyuma. Kwenye baadhi ya pakiti za unga ulioongezwa virutubishi, pale palipotajwa madini ya chuma, utaona herufi hizi: NaFeEDTA. Herufi nne za mwisho ndizo zinazoleta maswali mengi kliniki. Kuna mama aliyeniuliza kama ni dawa ya kuhifadhia maiti. Mwingine, ambaye shemeji yake ni mtu wa maabara, aliuliza kama ni ile EDTA iliyomo kwenye kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau.

Wa kwanza nilimwambia hapana. Wa pili nilimwambia ndiyo, ni ile ile. Ukielewa inafanya nini ndani ya kichupa cha damu, utaelewa pia kwa nini mtoto anaweza kunywa uji mara tatu kwa siku na bado viganja vyake vikawa vyeupe. Kwa hiyo twende taratibu.

Kemikali yenye mikono

Damu ikitoka mwilini huganda. Ili igande inahitaji kalsiamu, madini yale yale yanayojenga mifupa na meno. EDTA ina tabia moja kubwa: hukamata madini. Fikiria mtu aliyekumbatia mtungi kwa mikono yote miwili. Ndivyo EDTA inavyoikumbatia kalsiamu ndani ya kichupa, na damu ikikosa kalsiamu haigandi. Ndiyo maana mtoto akitolewa damu ya kupima wingi wa damu, mhudumu hukipindua kichupa taratibu mara kadhaa, ili EDTA iifikie damu yote.

Kemikali za kukamata madini ni nyingi, na nyingine hazitoki kiwandani. Moja iko kwenye ghala lako. Mahindi, mtama, ulezi (wengine tunauita wimbi), maharage, soya na karanga zote zina kitu kiitwacho fiteti. Mmea huweka fosforasi ndani ya fiteti kama akiba ya mche utakaoota. Kwa mmea ni jambo zuri. Kwenye tumbo la mtoto, fiteti hufanya kama EDTA kwenye kichupa: hukamata madini, hasa chuma na zinki, isipokuwa yenyewe ikishakamata utumboni haiachii kirahisi. Chuma kinapita utumboni kimekumbatiwa na kinatoka na choo.

Kamata-kamata nyingine ni tanini. Hiyo unaijua kwa ulimi: ni ule ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea na wa mtama mwekundu, ule ambao hata kwelea kwelea hawaufurahii. Tanini hukamata chuma na pia hushika protini, jambo nitakalolirudia maana ndipo penye tatizo la mtama wetu.

Sasa hesabu. FAO na Shirika la Afya Duniani wanapokadiria mahitaji ya chuma kwa mtu ambaye mlo wake ni nafaka na kunde, bila nyama na bila matunda ya kutosha, huchukulia kwamba kati ya kila sehemu 100 za chuma alizokula ni kama sehemu 5 tu zinazoingia mwilini. Tano! Zile 95 zilikuwa kwenye bakuli, mtoto akazimeza, hazikumfaa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Sababu si chakula peke yake. Huku kwetu malaria na minyoo huchangia sana, na selimundu ni nyingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Lakini chakula ndicho kilicho mikononi mwako kila siku.

Tumbo ndani ya chupa

Unaweza kuuliza, haya yalijulikanaje? Hakuna anayeweza kuchungulia utumbo wa mtoto wakati anakunywa uji. Njia mojawapo ni kutengeneza tumbo la kuigiza maabara.

Watafiti huchukua chakula kilichopikwa, uji kwa mfano, wakakiweka kwenye chombo chenye joto la mwili, nyuzi 37. Wanakitia tindikali mpaka kiwe kikali kama tumbo, halafu wanaongeza pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini. Vimeng'enya, kama hukulisikia neno hilo shuleni, ni protini zinazofanya kazi ya mkasi: kila kimoja hukata aina yake ya chakula. Baada ya muda wanapunguza ukali na kuongeza nyongo pamoja na vimeng'enya vya kongosho, kama chakula kinavyokutana navyo kikitoka tumboni kwenda utumbo mwembamba. Vimeng'enya hivyo kwa kawaida hutolewa kwa nguruwe. Hakuna kinachowekwa kwenye unga wako, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu na Wasabato msiwe na wasiwasi. Ni kwa kazi ya maabara tu.

Njia rahisi ni kupima hapo kiasi cha chuma kilichoyeyuka na kuwa huru. Njia ndefu zaidi ni kutumia seli hai. Kuna seli zinazoitwa Caco-2, zilizotokana na mgonjwa mmoja wa saratani ya utumbo mpana, ambazo tangu miaka ya 1970 zinakuzwa maabara duniani kote. Zikiachwa kwenye chombo kama wiki tatu, zinajipanga bega kwa bega na kuwa kama ngozi laini ya utumbo mwembamba. Raymond Glahn na wenzake huko Ithaca, Marekani, walitoa mwaka 1998 njia ya kuunganisha hayo mawili: tumbo la kuigiza juu, seli chini. Seli zikipata chuma hutengeneza feritini, protini ya kuhifadhia chuma. Feritini ikiwa nyingi, chuma kimeingia. Ikiwa kidogo, kilikamatwa njiani.

Ila kati ya chakula na seli huwekwa utando mwembamba wenye matundu madogo mno. Chuma kinapita, vimeng'enya havipiti. Kwa nini? Kwa sababu vimeng'enya vya kumeng'enya chakula havijui kutofautisha uji na seli. Vikifika chini vitazikata seli zenyewe, zitang'oka na kufa.

Watu wa maabara huitumia tabia hiyo hiyo kwa makusudi. Seli zikijaa kwenye chombo na ikabidi zihamishwe, wanamwagia mchanganyiko wa tripsini na EDTA. Tripsini ni kimeng'enya cha kongosho. Seli zimeshikana kwa protini ambazo haziwezi kukaza bila kalsiamu, kama fundo la kamba lililoloweshwa maji ndipo likakaza. EDTA inaichukua kalsiamu, mafundo yanalegea, na tripsini inapata pa kukata. Baada ya dakika chache seli zinaelea. Kila kimoja peke yake kingefanya kazi hiyo kwa shida. Na wasipoangalia saa, tripsini inaendelea kukata mpaka seli zinaharibika, ndiyo maana huizima haraka.

Nimekueleza hili kwa sababu linaonyesha wazi kitu ambacho jikoni hakionekani: kinachokamata madini na kinachokata chakula hukutana, na matokeo hutegemea nani kamkuta nani, na kwa muda gani. Wakati mwingine husaidiana, kama hapo. Wakati mwingine mmoja humzuia mwenzake. Vimeng'enya vingi navyo huhitaji madini ili visimame imara. Kile cha kukata wanga huhitaji kalsiamu, kwa hiyo ukikinyang'anya kalsiamu kinalegea. Fiteti nayo ikipatikana kwa wingi maabara huonekana kupunguza kasi ya vimeng'enya. Sasa weka hayo yote kwenye sufuria yako.

Walichokikuta Watanzania

Jambo hili lilifanyiwa kazi hapa hapa nchini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania, wakishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, walikuwa wanachunguza kimea na uji uliochachuliwa kama chakula cha watoto. Mwaka 1993 Svanberg na Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na mwenzao, walichapisha kazi iliyohusu chuma. Walichachua uji wa nafaka zisizo na tanini na wa zile zenye tanini nyingi, wakaumeng'enya kwa vimeng'enya maabara, wakapima chuma kilichokuwa huru.

Kwa nafaka zisizo na tanini, kuchachua kulisaidia, na kulisaidia zaidi unga ulipolowekwa na kuongezwa unga wa nafaka iliyooteshwa. Sababu ni kwamba mbegu inapoanza kuota huamsha kimeng'enya chake cha kuvunja fiteti, maana mche nao unaihitaji ile akiba. Uchachu nao hufanya mazingira kimeng'enya hicho kinayoyapenda. Fiteti ikivunjwa, mikono inakatika, chuma kinabaki huru.

Kwa nafaka zenye tanini nyingi, faida ilikuwa ndogo au haikuonekana kabisa. Tanini ilikishika kimeng'enya chenyewe. Mkasi ulikuwepo, ila umefungwa uzi.

Hili ndilo ninalotaka akina mama wa tambarare ya Tarime na wa vijiji vya Serengeti walikumbuke, kwa sababu mtama mwekundu tunaupenda. Unastahimili ukame, ndege hawaumalizi, na ugali wake unashibisha. Sina ugomvi nao kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, nashauri uji wake uwe wa mtama mweupe, mahindi au ulezi, au mtama mwekundu uliokobolewa vizuri, maana tanini nyingi iko karibu na ganda. Ulezi mweusi-mweusi nao una tanini kiasi, lakini si kama ya mtama mwekundu. Wenzetu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kabla ya kuotesha mtama wa aina hiyo huuloweka kwenye maji ya majivu, na majivu huipunguza makali tanini. Bibi zao hawakuwa na maabara. Sikushauri ujaribu majivu kwa uji wa mtoto bila kufundishwa, lakini inapendeza kujua kwamba ujuzi huo upo.

Jikoni kwako

Kuloweka ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na kwa maoni yangu inadharauliwa kuliko zote. Fiteti ya mahindi huyeyuka kwenye maji kwa sehemu kubwa. Huko Mangochi, Malawi, akina mama walifundishwa kuloweka unga wa mahindi kwenye maji safi, kuuacha utulie, kumwaga maji ya juu, kuongeza maji mapya na kupika. Fiteti ilipungua sana. Maharage nayo yalowekwe usiku mzima, maji yamwagwe. Unaokoa na kuni.

Kimea kinataka uangalifu kidogo. Chagua ulezi safi, usio na ukungu. Osha, loweka usiku mmoja, chuja, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu na ufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vichipukizi. Anika juani mpaka vikauke kabisa, sugua kwa viganja ili vichipukizi na vimizizi vitoke, pepeta, kisha saga. Ukitumia mtama badala ya ulezi, usiache hatua ya kusugua na kupepeta: vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi, ile ile inayotufanya tuutayarishe muhogo mchungu kwa uangalifu. Na nafaka ikionyesha ukungu wakati wa kuota, mwaga. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Milimani Tarime, wakati wa masika jua ni la kubahatisha, kwa hiyo tengeneza kimea cha kutosha kiangazi na ukihifadhi pakavu.

Namna ya kukitumia: pika uji wa kawaida ukiwa mzito, mzito hasa, kiasi cha kijiko kusimama. Epua. Acha upoe mpaka uweze kuugusa bila kuungua. Tia kimea, kama sehemu moja kwa kila sehemu ishirini za unga uliopikia, ukoroge. Ndani ya dakika chache utauona uji unalainika na kuwa mwepesi mbele ya macho yako. Hapo kimeng'enya cha kukata wanga kinafanya kazi. Rudisha jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu, kisha mpe mtoto. Faida ya kwanza ni kwamba mtoto mwenye tumbo dogo anakula unga mwingi kwenye kikombe kile kile. Usitie kimea kwenye uji unaochemka. Joto kali huua kimeng'enya na utabaki unashangaa mbona uji haulainiki.

Ila hapo kimea kinakata wanga kwa dakika hizo chache tu. Ili kiguse na fiteti, kipe muda: changanya unga, maji safi na kijiko cha kimea jioni, funika, acha mpaka asubuhi uchachuke kidogo kama unavyofanya kwa togwa, ndipo upike. Mtoto anayekataa uchachu, anza na masaa machache.

Sasa niseme la unga wa lishe. Wengi mnachanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, wengine mpaka mbegu za maboga na dagaa, mnakaanga, mnapeleka mashine kwa pamoja. Nawaelewa, inaonekana ndiyo lishe kamili. Lakini soya na karanga zina fiteti nyingi, na kukaanga nafaka huua kile kimeng'enya ambacho kingeivunja. Kuongeza aina kumi hakumaanishi chuma mara kumi. Ningependa uwe na unga wa nafaka moja au mbili, zilizolowekwa au zenye kimea. Karanga saga peke yake uongeze wakati wa kupika, na dagaa vivyo hivyo. Ukitaka kukaanga kwa ajili ya harufu, loweka kwanza, anika, ndipo ukaange.

Halafu kuna vitu vinavyokiokoa chuma kutoka kwenye mikono ya fiteti. Vitamini C ni mojawapo. Kamua ndimu au chungwa kwenye uji ukishapoa, au mpe papai, embe au pera baada ya kula. Ukichemsha ndimu pamoja na uji, vitamini nyingi inapotea. Nyama, maini na samaki huleta chuma cha aina ambayo fiteti haikiwezi, na pia husaidia chuma cha nafaka kilichopo kwenye bakuli hilo hilo. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa, kijiko kimoja kila siku, ni bora kuliko kilo ya nyama siku ya sikukuu.

Maziwa ya ng'ombe ni chakula kizuri, nasi Mara tunayo. Yana protini na kalsiamu, lakini chuma chake ni kidogo mno. Mtoto anayelelewa kwa maziwa na ugali peke yake anaweza kunenepa huku damu ikipungua, na huyo hutudanganya kliniki kwa sababu mizani inasoma vizuri. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, usimpe mtoto mdogo. Wewe mama mjamzito au unayenyonyesha, inywe saa nzima mbali na chakula na mbali na vidonge vyako vya chuma.

Basi EDTA kwenye unga inafanya nini?

Kiwanda kikitia chuma cha kawaida kwenye unga wa mahindi, fiteti inakikamata kama inavyokamata kile cha asili. Kwa hiyo wakafikiri hivi: tukitie chuma ndani ya mikono ya EDTA tangu mwanzo. Ndani ya tumbo lenye tindikali EDTA hukishikilia, fiteti haikipati. Kikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, EDTA inakiachia, na ukuta wa utumbo unakipokea. Inamsindikiza mtoto mpaka shuleni, tuseme, halafu inarudi. EDTA yenyewe karibu yote hutoka na choo.

Hili nalo lilijaribiwa kwa watoto halisi, si kwa seli. Watafiti wa Kenya na Uholanzi walitoa matokeo mwaka 2007 ya watoto 516 wa miaka 3 hadi 8 katika shule za Marafa, pwani ya Kenya. Walikunywa uji wa unga wa mahindi yasiyokobolewa kwa miezi mitano. Waliopewa kiwango kikubwa cha chuma chenye EDTA, upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa chuma ulishuka kwa asilimia 89 ukilinganisha na wasioongezewa kitu. Waliopewa kiasi hicho hicho cha chuma cha unga wa metali hawakupata nafuu. Uzito ule ule wa chuma, ila kimoja kilifika na kingine hakikufika.

Kuhusu usalama, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO imeukubali mchanganyiko huu kwenye vyakula vya kuongezwa virutubishi, kwa kikomo kinachotegemea uzito wa mtoto. Kiwanda ndicho kinachopima. Wewe usinunue poda yoyote ya namna hiyo ukajiongezea mwenyewe.

Unga wa mashine ya kijijini hauna nyongeza hiyo, na wengi wetu tunasaga mahindi yetu wenyewe. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye kuloweka na kimea.

Maonyo mawili, moja fupi. Kuna watu wanaouza "dawa ya kusafisha sumu mwilini" au ya kuondoa madini mabaya. EDTA ya hospitali hutumika kwa sumu ya risasi, kwa sindano, chini ya daktari. Nchini Marekani, kati ya 2003 na 2005, kuna watoto waliochomwa aina ya EDTA isiyofaa. Ikaikamata kalsiamu ya damu yao, nao wakafa. Ni tabia ile ile ya kichupa cha zambarau, mara hii ndani ya mwili wa mtoto. Usimpe.

La pili ni dawa ya maji ya chuma inayouzwa dukani. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 hadi 35, matokeo yakatolewa mwaka 2006. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kujali kama wana upungufu, walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mapema. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli na waliofuatiliwa na kutibiwa malaria walifaidika. Maana yake kwetu, tunaoishi kwenye malaria, ni kwamba chuma cha kwenye chakula mpe mtoto kila siku bila hofu, lakini chuma cha dawa akipewe baada ya kupimwa damu na malaria.

Uji, hata ukiutayarisha vizuri namna gani, hauponyi mtoto ambaye damu imeshashuka sana. Ukiona viganja, midomo au sehemu ya ndani ya kope vimekuwa vyeupe, anahema haraka, amelegea, hanyonyi au moyo unamdunda, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki. Beba kadi yake. Ukiulizwa anakula nini, taja kila kitu, pamoja na chai.